Mama Anasema Umekonda

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe na watoto? Macho ya mama yanaendeleaje? Mimi sijambo, mwili mzima, tena mzima kupita kiasi kama utakavyosoma.

Barua hii usimsomee mama. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimesalimia tu. Ningekupigia simu, ila simu ya hapo mama anaifungulia sauti mpaka jirani anaitikia salamu zangu, na jambo lenyewe si la kuitikiwa na jirani.

Dada, nimepima mbegu. Ndiyo, mimi. Miaka tisa anapimwa wifi yako, anakunywa mizizi anayotumiwa na mama mpaka chai anaiona chungu, na kila daktari anamwambia hana kasoro, amlete mumewe. Mwezi uliopita nikaenda. Mbegu ni chache, na hizo chache hazina mbio.

Daktari mwenyewe mwanamke, mdogo kwangu, lakini hakucheka. Aliniuliza ninakula nini. Nikamweleza kazi ilivyo: nakaa kwenye kibanda cha mizani kuanzia asubuhi, malori yanapanda, nasoma uzito, nagonga muhuri. Madereva sioni hata sura zao, naona mikono tu dirishani. Mkono unaleta karatasi, na nyuma ya karatasi soda, au viazi vya kukaanga, ili niwe na moyo mwepesi. Jioni narudi chumbani nyuma ya kituo, nakula tena mpaka usingizi unikute. Akanipandisha kwenye mizani yake. Mia na thelathini na nne! Ningekuwa lori ningejirudisha.

Alisema mafuta yakizidi mwilini yanavuruga homoni za kiume, na joto la mapaja yaliyobanana haliziachi mbegu zikomae vizuri. Nipunguze sukari, soda na vya kukaanga, nile mboga, kunde, samaki, nafaka isiyokobolewa, na nitembee. Hakuniahidi kitu. Alisema wapo wanaopungua na hesabu ikapanda, na wapo ambao haipandi sana. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa, basi nisikimbilie kupima tena kesho.

Anajua wifi yako, na sasa unajua wewe. Mama asijue. Unajua anavyonitangaza. Nitaanzaje kumwambia kwamba mgumba anayemsema kwa watu ni mwanawe?

Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako

* * *

2 Aprili

Bonge wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Macho ya mama yale yale, kushoto ukungu, kulia anaona anachotaka kuona. Watoto wanakuulizia.

Kwanza pole, na pili hongera. Najua wanaume wa kwetu. Kwenda kupimwa kitu hicho, bora waende vitani.

Lakini mwambie mama. Mimi nimefunga mdomo kwa sababu umeniomba, na unajua mdomo wangu haupendi kufungwa. Jana tu kaandaa mzigo wako, samli kopo zima na karanga za sukari, na pembeni kifurushi cha mizizi ya "huyo mkeo". Nikamwambia mama, mizizi imetosha. Akanijibu nisimfundishe kupata wajukuu.

Kuna jambo hulijui kwa sababu hukuwa umezaliwa. Yule kaka yetu aliyetangulia hakufa kwa homa kama tunavyosema. Alikonda. Kila wiki alipungua, mama akiangalia, mpaka ikabaki ngozi na mifupa. Ulipozaliwa wewe na mashavu yale, alikuzungusha nyumba hadi nyumba kuwaonyesha watu. Kwa mama, mtoto mnene ni mtoto aliye hai. Ndiyo maana nasema umwambie kwa mdomo wako, mapema, kabla hajakuona.

Dada yako

* * *

28 Mei

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mimi mzima, na safari hii naisema bila utani.

Nimepungua kilo kumi na moja. Wifi yako ndiye daktari wangu mkubwa. Mwisho wa mwezi nikienda nyumbani ananifungia kunde zilizochemshwa, ananikatia mboga, ananiandikia vijiko vya mafuta, siku mbili za mapumziko zinaisha tukibishana juu ya kijiko. Tunacheka, dada. Tulikuwa tumeacha kucheka.

Huku kituoni ndiko kugumu. Siku ya kwanza niliporudisha soda, ule mkono ulibaki dirishani kama haujanielewa. Dereva akasema, "Bosi, nimekukosea nini?" Siku hizi wanapitisha karatasi tupu, wanaondoka. Sikujua kama mazungumzo yangu yote ya mchana yalikuwa kwenye zile chupa. Jioni nachemsha samaki wangu, nakula, nimemaliza, na bado usiku haujaingia. Zamani niliujaza muda huo kwa kutafuna. Nilidhani ni njaa. Nimekaa na hiyo njaa nikaiangalia vizuri, ni upweke tu. Nalia wakati mwingine, nakuambia wewe tu.

Mizigo ya mama nawapa walinzi. Konda wa basi aliniletea wa juzi, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama naumwa. Nikamwambia kazi nyingi.

Mama nitamwambia nikishapima mara ya pili. Majibu yakiwa mazuri itakuwa rahisi. Nivumilie.

Mdogo wako

* * *

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, lakini sina muda wa salamu ndefu.

Konda wako kafika hapa na mdomo wake. Kamwambia mama, "Mwanao kabaki mifupa." Mifupa! Mtu wa kilo mia na ishirini! Nilicheka, mama hakucheka. Siku ya tatu leo anakaa kitandani mwake anasema umekonda, umekonda, anataja jina la yule marehemu. Kisha akainuka na hasira. Sasa anasema mkeo anakunyima chakula. "Hazai, na kupika pia hapiki."

Nipe ruhusa nimwambie. Au andika wewe. Leo, si kesho. Mimi naondoka kesho na watoto kwenda kwa baba yao, nitarudi baada ya wiki mbili, na sipendi kumwacha hivi.

Dada yako

* * *

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa sina la kuandika ambalo mkono ungekubali.

Barua yako ilinifikia mama akiwa ameshafika kwangu. Alipanda basi la yule konda kabla hujarudi. Niliingia nyumbani mwisho wa mwezi nikamkuta jikoni, amefunua masufuria yote. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akalia. Mimi nikalia pia, si unajua mama akilia.

Kisha akainua sufuria ya mboga akamwonyesha wifi yako. "Hiki ndicho unachompa mwanangu? Majani?" Wifi yako akasema, "Mama, ni yeye anayetaka hivyo." Mama akasema, "Miaka tisa humpi mtoto, sasa unamnyima hata mafuta. Unataka nimzike na huyu?"

Wifi yako alinigeukia mimi. Dada, alinitazama, akangoja. Ilikuwa kusema neno moja tu. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo siku hizi naviona nikisimama, na sikusema kitu. Sikuweza.

Mama aliondoka kesho yake ameridhika, kaniachia samli. Jioni wifi yako akafungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake akakifunga kwa shuka. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nimekupikia, nimekupimia mafuta, nimekufichia siri yako mpaka kwa mama yangu mzazi. Na jana nilikungoja." Yuko kwao sasa.

Mwambie mama. Mwambie yote.

Mdogo wako

* * *

14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ukiondoa hili.

Nimemwambia. Nilimkalisha, nikamweleza polepole, mbegu, mafuta, daktari, yote. Alisikiliza bila kunikatiza, na mama hajawahi kutonikatiza. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo ni mkono wangu?" Nikamwambia hapana mama, hakuna anayekulaumu, ulimlisha kwa mapenzi, na amekuwa mtu mzima anayejinunulia soda mwenyewe. Akarudia, "Ni mkono wangu." Kisha akamkumbuka mkeo. Hapo ndipo alipolia kweli. Alikuwa anasema, "Yule mtoto alinyamaza. Nilimtukana, akanyamaza."

Anataka kwenda kwa wakwe zako akaombe radhi. Nimemwambia atakwenda, lakini si yeye wa kwanza. Bonge, nakupenda, na nakuambia bila kupaka mafuta: nenda wewe. Uwaambie kwa mdomo, wote, wakiwa wamekaa.

Na ule, tafadhali. Usikae na njaa kwa ajili ya huzuni.

Dada yako

* * *

5 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima, na mama anakula. Mimi sijambo.

Nimepima tena. Zimeongezeka, karibu mara mbili, na zinatembea. Daktari alifurahi kuliko mimi. Akasema bado si uhakika, lakini sasa kuna matumaini ya kweli, safari ijayo nije na mke wangu tuzungumze sote. Nikamjibu sawa.

Jumamosi nikaenda kwao na karatasi mfukoni. Nikaomba wakae, baba mkwe, mama mkwe na shangazi yake. Nikasema, "Miaka tisa mmesikia kwamba mwanenu hazai. Hana kasoro. Mwenye tatizo ni mimi, nilijua tangu Februari, na mama yangu alipomtukana nilinyamaza." Nilisema nimesimama, dada. Baba mkwe aliinamisha kichwa. Mama mkwe akajifunika uso kwa nguo yake akasema, "Na mimi nilimsema. Mwanangu mwenyewe." Wifi yako alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Aliniletea maji ya kunawa, akanipakulia samaki na kunde, akaketi karibu mpaka nikamaliza. Nikampa karatasi. Aliisoma yote, mpaka muhuri, akatabasamu, na halikuwa tabasamu la kejeli. "Hongera," akasema. "Umehangaika." Nikamwambia daktari anatutaka wote wawili.

Akaikunja karatasi akanirudishia. Akasema, "Asante kwa leo. Sasa nitapita mtaani bila kuinamisha uso. Lakini nilikuhitaji siku ile mbele ya mama yako, si leo mbele ya mama yangu."

Nikamsihi. Nilimsihi sana, sioni aibu kukuambia. Akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka basi likaja. Akauliza kama kule kibandani bado kuna baridi. Nikasema ipo. Akasema ninunue sweta, lile la zamani sasa litanipwaya.

Mama akitaka kwenda kumwomba radhi aende, atampokea vizuri, ana heshima zake. Ila mwambie asiende kumrudisha. Mimi nimesharudi kazini.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako