Rahma Kaanua Karafuu na Jua Linawaka

Mama yangu mpenzi,

Mjukuu wako kanitoa jikoni mbio sasa hivi. Nimemkuta uani kashika ncha ya jamvi kwa mikono miwili, anavuta, anazikunjia karafuu katikati kama tufanyavyo mvua ikija. Jasho linamtoka. Nikatazama juu. Jua kali, hata kiwingu cha kusingiziwa hamna.

"Rahma, unaanua nini na jua hili?"

"Watasema, mama."

"Kina nani watasema?"

Akafikiri. "Sijui," akanambia, akaanza kulia.

Nimemkumbatia, nimemwosha uso, sasa kalala kwenye mkeka, kichwa chake pajani mwangu. Karafuu nimezitandaza tena. Nimeona nikuandikie, ijapokuwa ulipo wewe barua hazifiki. Maana lile neno "watasema" ni langu, mama. Mtoto mdogo vile hajalitoa kwingine.

Tangu niolewe huku Mgogoni, msimu ukifika mie ndiye mwenye majamvi. Wanaume wanapanda mikarafuu kuchuma, wakubwa wanachambua, mke wa mwana anaanika na kuanua. Hakuna aliyenambia niwe peke yangu. Sharti hilo nimejiwekea mwenyewe, nisije nikaambiwa mtoto wako, mtoto wa Bi Mwanaisha, mvivu. Basi nakula nimesimama mlangoni. Nikisujudu, masikio yako uani. Jirani akisema nikusaidie, namwambia ahsante, nishamaliza, na wala sijaanza.

Kichwa kikawa kinanigonga, moyo unakwenda mbio na mie nimekaa kitako. Nikenda hospitali mjini Chake, nikidhani nina presha. Muuguzi, mama mmoja mpole, kanipima, kasema presha haina neno. Akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia mvua. Akacheka, na mie nikacheka. Kisha akasema, "Bibie, mwili wako haujui kama mvua inanyesha kweli au unaiwaza tu. Ukiiwaza kutwa, unarowa kutwa." Akauita msongo wa mawazo. Mie nilidhani huo ugonjwa wa watu wenye ofisi.

"Na ikinyesha kweli," akaniuliza, "kutakuwa nini?"

Nikakukumbuka wewe, mama.

Unaikumbuka siku ile mvua ilipotukuta kisimani? Tulipofika nyumbani maji yanapita juu ya jamvi, karafuu zinaelea. Nilikuwa mdogo, nikalia kama niliyefiwa. Wewe ukasimama uani ukaita, "Majirani, njooni mtucheke." Wakaja, Bi Time mbele, kajifunga kibwebwe. "Leo mwenzetu katupikia mchuzi wa karafuu," akasema, na huku mikono yake inakusanya. Ulicheka hata ukakaa chini kwenye matope, kanga yako ile ya harusini ikaharibika na hukuitazama. Zile karafuu zilikuja kukauka zimepauka, hazina sura. Na waliosema walisema, nilisikia kwa masikio yangu. Nilipokuletea maneno yao ukanambia, "Waache, wakichoka watanyamaza. Wewe umekula?"

Miaka yote nikidhani hukuwa ukiogopa. Sasa na mie nina mtoto, naona uliogopa sana, tena ulikuwa mjane na sisi wadogo. Ila woga wako ulikuwa unaita watu. Wangu mie unawafukuza.

Mama mkwe si mkali, usije ukamdhania. Juzi kaniletea uji hapa kizingitini, akasimama kama anayengoja neno. Nikamwambia, "Ahsante mama, nikusaidie nini?" Akanitazama tu, akaenda zake. Nimelala na ule mtazamo wake. Labda na yeye alianika peke yake alipokuwa mke wa mwana nyumba hii. Sijawahi kumuuliza. Kila nikitaka kusema nimechoka, naona neno lenyewe litanivunjia heshima, yako na yangu, nalimeza, na likishamezwa linanipanda kichwani. Kumbe halikukaa kwangu tu. Limekwenda kwa mtoto.

Hilo ndilo lililonitisha leo, mama, kuliko mvua yoyote. Nilijua Rahma kachukua macho yako na ubishi wa babake. Sikujua anachukua na woga wangu. Nataka akue akitazama mbingu kwanza, ndipo aogope, kama kuna la kuogopa. Na kama lipo, ajue kupaza sauti uani bila kuona aibu. Bado mdogo, naamini halijaota mizizi. Na mie mwenyewe sijawa mzee. Najifunza.

Tangu utangulie mbele ya haki nakuombea dua kila Ijumaa, leo na wewe niombee huko.

Mama mkwe ananiita, yuko nje na kina Bi Asha wa jirani wanachambua. Anauliza mtoto alikuwa analilia nini, na mie kama ni mzima. Kila siku namjibu, "Mzima, mama, sina neno." Leo nakwenda kukaa naye, nimwambie kwamba nimechoka.