Betri ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Gari la baba mkwe limegoma tena. Kanipigia mwenyewe asubuhi, sauti ya chini kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Mwanangu, limekufa. Na betri ni mpya!

Nikapitia kwake kabla ya kufungua gereji. Haraka tupu — mwenye teksi ananisubiri, simu haitulii mfukoni. Nikaweka betri yangu ya akiba, nikachomoa waya wa hasi, nikaunga mita ya kupimia umeme katikati, nikasoma. Hakuna kitu! Umeme unaotoka ni ule mdogo wa saa na redio tu. Nikawasha gari, likawaka. Gari zima kabisa.

Wifi alikuwepo, dada mkubwa wa mume wangu. Akauliza ubovu uko wapi. Na mimi, mdomo wangu huu! Nikasema gari halina ubovu wowote, labda tumpime dereva. Nikacheka peke yangu. Wifi akanikazia macho: unamaanisha Baba anasahau taa? Nikajibu mita haina sababu ya kumsingizia mtu. Kwa sauti ile ya kitaalamu, ya kuwatisha wateja.

Baba alikuwa hapo hapo, anafuta kioo cha mbele. Aliendelea kufuta sehemu ile ile, na mimi nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kachukua funguo za gari. Nimezisikia habari kwa mume wangu wakati wa chai. Si funguo tu — anataka Baba ahamie kwake, nyumba ipangishwe. Eti leo kasahau taa, kesho atasahau gesi. Kikao cha familia ni Jumapili ya wiki ijayo.

Sasa kila kitu kimekuwa ushahidi. Kamwita mjukuu kwa jina la mwenzake — anasahau! Kaacha miwani bafuni — anasahau! Nani haachi miwani bafuni?

Mume wangu kaniuliza: lakini una hakika na lile gari? Nikapandisha hasira. Mimi nimewahi kukufundisha kusahihisha madaftari ya wanafunzi wako? Akanywa chai yake.

Baba ameendesha gari la wagonjwa maisha yake yote ya kazi. Bila usukani, anasema, yeye ni kabati tu. Na ndiye aliyenipokea. Nilipoletwa nyumbani kwao, wifi aliuliza mke gani huyu ananuka grisi. Baba akasema afadhali, nimepata fundi bila kumtafuta. Tangu siku hiyo hajapeleka gari kwa mwingine. Mwezi uliopita shingo ilianza kumsumbua, nikamfungia kamera ya nyuma ili asigeukegeuke. Zawadi. Aliita majirani waje wamwone anavyorudi nyuma!

Alhamisi, 6 Machi

Mwandiko mbaya usiku huu.

Leo nilikuwa natafuta kinachokula betri ya ile teksi. Nikafunga kwanza waya wa kupitishia umeme ili usikatike, ndipo nikachomoa betri, kama kawaida yangu. Mkono ukasimama. Kwa Baba sikufunga ule waya! Nilichomoa tu.

Mimi! Mimi ninayewafokea watu gereji nzima kwa kosa hilo! Ukikata umeme ghafla, kila kitu kinazimika, hata kile kinachoiba. Ukiunga tena, mwizi amelala. Unasoma mita unaona shwari, mpaka mtu awashe gari na kulizima ndipo wizi unaanza upya. Na mimi sikuwasha nikazima nikapima tena. Nilikuwa nakimbilia teksi.

Labda bado ni yeye, labda kweli anasahau taa. Nimejikuta naomba iwe hivyo. Astaghafiru! Naomba mzee wa watu awe amepotewa na akili, ili mimi nisiwe nimekosea.

Jumamosi, 8 Machi

Ni mimi.

Gari liko kwa wifi, anakwenda nalo kazini. Nikajidai nakagua maji na oili. Lilikuwa limelala tangu jana jioni, funguo ndani ya nyumba. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi, nikashika relei ya ile kamera, ile swichi ndogo niliyoifunga mwenyewe. Ya moto! Gari limezimwa, yenyewe inafanya kazi. Waya wa kuiamsha niliuunga mahali ambapo relei yenyewe ndiyo inayopeleka umeme, kwa hiyo ikishaamka inajishikilia, hailali tena. Kioo cha kamera kinakuwa cheusi, hakuna atakayejua. Gari likikaa siku mbili bila kutembea, betri imekwisha.

Zawadi yangu!

Nikahamisha waya. Kazi ya muda wa kunywa maji tu. Nikawasha, nikazima, nikapima vizuri safari hii. Safi. Wifi akatokea mlangoni: kuna shida? Nikasema hapana wifi, naangalia tu.

Naangalia tu! Maneno yalikuwa mdomoni, yamejipanga. Nikamwona kasimama pale na kanga begani, nikakumbuka ile ya kunuka grisi, nikayameza. Nilijiambia gari likishatulia, mambo yatatulia nayo. Nimefika nyumbani nikashindwa kula.

Jumanne, 11 Machi

Yametulia kweli! Wifi kampigia mume wangu kwa shangwe. Gari limekaa Jumapili na Jumatatu bila kuguswa, jana hakwenda kazini, leo kaligusa tu, likawaka. Mmeona? Kwa Baba linakufa, kwangu linawaka. Mnataka ushahidi gani tena?

Nimemtengenezea ushahidi. Kwa mikono yangu, chini ya dashibodi.

Mume wangu alinitazama tu. Nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Alhamisi, 13 Machi

Baba kaja gereji. Kwa miguu! Fundi rangi akampisha benchi, akamtania, mzee leo gari umeliacha likapumzike? Baba akacheka kwa adabu.

Tulipobaki wawili akasema amekuja kuniomba radhi. Baba mkwe, aniombe radhi mimi! Akasema sasa anakumbuka. Ile taa ya ndani aliiwasha akitafuta miwani, akaiacha. Anaiona kabisa, anasema, hata rangi ya mwanga. Alipokuwa akilalamika kwa majirani kwamba gari linagoma, alikuwa ananiharibia jina langu la kazi, na hilo linamuuma kuliko funguo.

Anakumbuka kitu ambacho hakikutokea! Nimekiweka mimi kichwani mwake.

Nilishika bisibisi nikaikaza mpaka kiganja kikauma. Nikasema, Baba, usiseme hivyo. Basi. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka. Akanishukuru kwa moyo wangu mzuri. Akaomba kamera nisiitoe, gari likiuzwa itamfaa atakayelinunua. Nilimwangalia mpaka alipokata kona, halafu nikaenda nyuma ya matairi nikalia. Mtu mzima na ovaroli lake.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimemwambia mume wangu yote. Nilitamani anipigie makelele. Mwisho akasema: utasema wewe, mimi sitakusemea. Nikakubali. Njiani nilikuwa jasiri!

Sasa niko jikoni kwa Baba, najidai napanga vikombe, kumbe nimekaa na daftari hili magotini. Wote wako sebuleni. Nasikia kila kitu. Wifi kaanza na gesi, kaja kwenye funguo. Wala hana ubaya, na hilo ndilo linaloniua — sauti inamkatika, anampenda baba yake. Kamuuliza: Baba, wewe mwenyewe unasemaje?

Baba kasema amekubali. Atahama. Si kwa kulazimishwa, kasema, mtu akijijua ni afadhali. Taa aliiacha yeye. Na kama yupo anayebisha, mkwe wangu yuko hapo jikoni, yeye ndiye aliyepima, muulizeni.

Wananiita. Wifi anasema njoo utueleze kwa kitaalamu, tumalize. Mume wangu hasemi kitu. Baba anawaambia wasogee, mpisheni fundi nafasi akae, huyu kwa umeme hajawahi kukosea.

Nimeitika abee. Nimeitika tena. Sijainuka.