Mtaro, Mkutano na Maziko ya Fundi Kombo

Jumanne, vuli ndiyo kwanza inaanza. Manyunyu tangu alfajiri, halafu joto la kubandika nguo mgongoni. Nina hasira leo, na niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wa barabara. Wanaonisoma mara kwa mara wanajua habari yake, wasiojua nawaeleza. Barabara yetu, ile inayotoka Bagamoyo mjini kuelekea Kaole, inapanuliwa na kutiwa lami. Jambo jema, sikatai. Lakini nilipooneshwa michoro miezi miwili iliyopita, niliona njia mbili za magari, na kila upande mtaro wa maji wa zege, mtaro wazi ambao kina chake kinanifika kifuani. Njia ya baiskeli hakuna. Ya waenda kwa miguu hakuna. Kituo cha basi hakuna, maana yake basi litasimama popote na abiria atauruka mtaro akiwa na mtoto mgongoni. Vivuko vya kuvukia mtaro vimechorwa mbele ya nyumba zenye mageti tu, yaani nyumba za wenye magari.

Sisi hatuna geti. Tuna kaka yangu, Athumani.

Athumani alipooza miguu akiwa mdogo. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono, na kwa baiskeli hiyo huenda mjini kila siku kushona viatu. Ana wateja wake, ana kijiwe chake, ana ubishi wake wa mpira ambao hakuna aliyewahi kuushinda. Mtaro ule ukipita mbele ya mlango wetu bila kivuko, kaka yangu hatoki tena mpaka abebwe. Mimi hupigia kelele mambo mengi, na yote nayaamini, lakini hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mambo haya ya kudai barabara nilijifunzia Kanada. Nilikaa huko miaka sita nikisafisha ofisi za watu kabla wenyewe hawajaamka. Gari sikuwa nalo, na basi la kwanza lilikuwa linapita baada ya saa yangu ya kuingia kazini, kwa hiyo niliendesha baiskeli kwenye baridi ya kugandisha kope. Magari ya kuondoa theluji yalikuwa yanasafisha barabara ya magari, kisha theluji yote inarundikwa kwenye kinjia cha baiskeli. Nikalia, nikatukana kimoyomoyo, mwishowe nikajiunga na majirani waliokuwa na hasira kama yangu: wapishi, watunza wazee, mwanafunzi mmoja, na bibi mmoja wa Kifilipino mwenye kiti cha magurudumu ambaye mdomo wake ulitosha watu kumi. Tulidai basi la alfajiri. Tulidai kinjia kisafishwe kama barabara nyingine.

Watu hapa wakisikia hivyo wanashangaa, wanadhani nchi tajiri haina shida hizo. Inazo. Asiye na gari ni asiye na gari tu, awe anasubiri kwenye theluji au kwenye vumbi, na wanaochora barabara wanamkumbuka mwisho.

Kule, ukitaka kusema mbele ya baraza la mji unapewa dakika tatu na kipaza sauti. Kengele ikilia, umekwisha. Nilijifunza kuzitumia dakika zile: jina, mtaa, dai, asanteni. Basi la alfajiri tulilipata mwishowe, baada ya miaka ya kusemasema, na mimi nikarudi nyumbani nikijiona nimeiva. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikarejea na dakika zangu tatu mfukoni, nikidhani zinatosha.

Kwa miezi miwili nimepita nyumba kwa nyumba. Nikapata watu ishirini na wawili: wauza samaki wanaotoka Mlingotini na matenga nyuma ya baiskeli, akina mama wanaolima mwani, wazazi wa watoto wanaotembea kwenda shule, na Athumani. Wote waliniahidi. Jumanne, saa nne asubuhi, ofisi ya kata, kila mwenye baiskeli aje nayo. Nilikuwa nimeshaziona kichwani zimepangwa ukutani, mhandisi akikosa pa kupita.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, kikatangaza. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Fundi Kombo amefariki, maziko ni leo baada ya Adhuhuri.

Fundi Kombo alikuwa mchomeleaji wa mtaani kwetu. Madirisha, vitanda, majiko ya mkaa, yote yake. Na baiskeli ya Athumani ni yake: aliiunda kwa mabaki ya baiskeli mbili na kiti cha plastiki, na kila ilipokatika aliiunga huku akimlaumu Athumani kwa unene. Sidhani kama kuna hata mmoja kati ya watu wangu ishirini na wawili ambaye baiskeli yake haijawahi kulala kwenye karakana ile.

Nilijua palepale kwamba mkutano wangu umekufa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: pakitokea msiba tenga linatuliwa, jembe linawekwa, wanaume wanakwenda kuchimba kaburi na wanawake wanakwenda kubandika masufuria. Sisi ni watu wa kuzikana. Asiyezika wenziwe, yeye atazikwa na nani?

Nilijua, lakini sikutaka kujua. Nikampigia simu ofisa wa kata, nikamsihi asogeze mkutano. Akasema mhandisi ameshatoka Dar na siku nyingine hana. Nikawapigia wauza samaki, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliniambia yuko msibani. Wa mwisho akaniuliza kama mimi sijasikia tangazo, na aliuliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Nikamgeukia Athumani. Alikuwa ameshavaa kanzu na kofia.

"Kaka, leo ni siku yako," nikamwambia. "Ukikosekana wewe, wale watamwona nani?"

"Leo ni siku ya Fundi Kombo," akanijibu. "Mimi nitapata nyingine, inshallah. Yeye hana."

Hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. Nilimwambia, basi mtaro ukishapita usije ukanililia. Mikono yake ilisimama kwenye pedeli. Kisha ikaendelea kuzunguka, akatoka. Nimeliandika kama lilivyo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kitu laini zaidi.

Nikaenda mkutanoni.

Tulikuwa wanane. Mhandisi, ofisa wa kata, karani, wafanyabiashara watatu, mwenye nyumba ya wageni mmoja, na mimi. Viti vya plastiki vilivyobaki vilikuwa vimepangwa vizuri kabisa. Mhandisi hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Ni kijana mpole, mchovu, viatu vimejaa tope. Alinisikiliza. Nilisema jina, mtaa, dai. Nilizungumzia baiskeli, vituo, vivuko, nikamtaja kaka yangu. Nilimaliza ndani ya dakika tatu ingawa hakukuwa na kengele yoyote ya kunizuia.

Akaniuliza, kwa adabu, nawasemea akina nani. Nikamsomea majina yote ishirini na mawili. Akavitazama vile viti.

"Wako wapi, dada?"

"Wamekwenda kuzika."

Mfanyabiashara mmoja akacheka puani. Akasema hata yeye anakwenda kuzika, ndiyo maana anaomba tumalize haraka. Na kweli, saa tano na nusu aliingia kwenye gari lake akaondoka, na Adhuhuri ilimkuta msikitini. Nilibaki nikimtazama akipotea, nikiwa nimekasirika mpaka masikio yanavuma. Mwenye gari anahudhuria mkutano na maziko siku moja. Mwenye baiskeli anachagua. Na akishachagua, kumbukumbu za kikao zinaandika kwamba hakuja.

Karani aliandika: mwananchi mmoja ameomba njia ya baiskeli na vivuko vya mtaro. Mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na leo nilikuwa kidole hicho. Mhandisi alinifuata nje akaniambia maoni ya maandishi yatapokelewa mpaka Ijumaa, yawe na majina na sahihi za watu. Baada ya hapo michoro inafungwa.

Nilirudi kwa miguu, nikafika msibani saa nane imeshapita, wanaume wakiwa wamerudi kutoka makaburini. Nilivua viatu, nikaingia kwa wanawake, nikampa shikamoo Bi Tatu, ambaye kila msiba mtaani kwetu jiko ni lake.

"Marahaba," akasema. "Karibu, mgeni wetu."

Mgeni! Nimezaliwa nyumba ya nne kutoka pale. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisogea, nikapata nafasi mkekani karibu na mlango, wanapokaa wanaokuja kusema poleni na kuondoka. Vitunguu vilikuwa vimeshakatwa, wali umeshapakuliwa, watu wako uani wanasugua masizi. Nikasema nisaidie. Wakanijibu nipumzike. Mara mbili nikasema, mara mbili nikapumzishwa. Anayezijua shughuli zetu anaelewa: usipopewa kisu wala sufuria msibani, umeshaambiwa jambo.

Miaka sita niliitwa mgeni Kanada na sikuumia hata siku moja. Leo niliumia.

Nilitoka nje kumtafuta Athumani. Chini ya turubai la wanaume hakuwapo. Nilimkuta pembeni ya barabara, juu ya baiskeli yake, pindo la kanzu limelowa tope.

Nikamuuliza maziko yamekwendaje. Akaniambia kwamba hakufika kaburini.

Kipande cha kwanza cha barabara kilijengwa mwaka jana, na mtaro wake unapita mbele ya makaburi. Mimi mwenyewe nimeupiga picha mtaro ule mara ngapi sijui, nimeubandika humu, nimeulaani humu. Leo walitandika mbao mbili, jeneza likavushwa juu yake, watu wakafuata mmojammoja. Baiskeli ya magurudumu matatu haienei kwenye mbao mbili. Wanaume wawili walirudi wakataka kumbeba, akawakataza. Aliwaambia maiti hacheleweshwi, waende wakapokezane jeneza. Akabaki ng'ambo. Dua aliisikia kwa mbali na akaitikia amina.

Nilimuuliza kuhusu udongo, maana kwetu kila anayezika huchota udongo mara tatu akautia kaburini.

"Nilichota palepale nilipokuwa, nikautupa mtaroni," akasema. "Mara tatu. Nikamwambia, Fundi, utanisamehe, nimeishia hapa."

Nilichuchumaa nikakamua pindo la kanzu yake. Mimi, mwenye dakika tatu.

Nilimwomba msamaha kwa neno la asubuhi. Akasema yamekwisha, nimsukume tu, mikono imechoka. Nikamsukuma. Njiani akataka kujua kikao kimesemaje, nikamweleza yote: viti, karani, mwananchi mmoja, Ijumaa. Nikamweleza na linalonitesa zaidi. Watu ninaowahitaji watakaa matangani siku tatu, wote mahali pamoja, kwenye mikeka ileile, na mimi nina karatasi ambazo hazina hata sahihi moja. Lakini nitaanzaje kumtia mfiwa kalamu mkononi? Nitaanzaje mimi, niliyekuwa mkutanoni wakati wenzangu wanazika?

Tulikuwa tumekaribia nyumbani.

"Wewe nenda kwanza kaoshe masufuria," akasema.

Nimekaa barazani sasa, jua linashuka, naandika haya kwa simu. Bado nina hasira. Nina hasira na mtaro, na ile sentensi ya karani, na nchi zote mbili nilizoishi ambazo zinamtaka asiye na gari athibitishe kwamba yupo. Nina hasira na ulimi wangu. Na nina hofu, maana Ijumaa haiko mbali, na kama sahihi hazikupatikana sijui nitamtazamaje kaka yangu siku zege itakapomwagwa mbele ya mlango.

Lakini nitafanya alivyosema. Kesho nitatangulia kabla ya Bi Tatu, nitawasha moto mwenyewe, na akinipumzisha nitakataa kupumzika. Karatasi zitabaki nyumbani. Wanaume wote waliovuka zile mbao leo waligeuka wakamwona Athumani amebaki ng'ambo peke yake. Nitaosha masufuria ya watu, nisubiri kuona ni nani kati yao atakayekuwa wa kwanza kuutaja mtaro.