Jirani Aliyesikia Filamu Yetu Ukutani

"Mpishi ndiye aliyewasaliti wenzake."

"Hakumsaliti mtu, dada, umeona wapi?"

Ndivyo tulivyobishana asubuhi hii uani, mimi na fundi cherehani wa mlango wa pili, ndoo mikononi. Wanangu, kumbe ile filamu ya wezi wa hoteli, ambayo hakuna anayeisifia, yeye kaifuata yote kupitia ukutani. Anawajua wezi wote kwa sauti, hadi yule dereva mwoga. Ila mwishoni hawasemi neno, mpishi anawagawia tu funguo kimyakimya, ndiyo maana kamhukumu bure mtu wangu.

Tangu afiwe na mumewe hajakanyaga nyumba ya mtu. Leo kabishana mpaka akacheka.

Mboga iko jikoni, pasheni. Wali pikeni wa kutosha, msinitie aibu. Kitinda mimba, asante kwa kuing'ang'ania filamu hiyo wenzako walipokuzomea.

~~Mpelekeeni sahani kwake.~~ Hapana. Nikirudi tu, mmoja wenu akapige hodi, amwambie: "Shangazi, mama anasema karibu ndani ule nasi, kisha ukamwone mpishi kwa macho yako."

Mama yenu