Ujumbe wa Mtihani wa Kisomo

Mpendwa mama,

Kwa heshima zote, na ukoo mzima ukiwa shahidi, nakutangazia kwamba jana mahudhurio ya darasa langu la watu wazima hapa Mjimwema yalipanda kutoka wanafunzi watatu hadi wanne. Wa nne alikuwa kuku. Alikaa kipindi kizima cha hesabu bila kusinzia, jambo ambalo mwalimu mwenyewe hakuliweza.

Shikamoo, mama. Ndivyo nilivyo siku hizi: miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, asubuhi nafundisha watoto wa darasa la pili, alasiri nafundisha bibi zao. Watoto wana vitabu vya rangi, wengine wanasomea kwenye simu za wazazi. Nyinyi, kwenye kisomo chenu cha watu wazima kule Maposeni, mlikuwa na ubao mmoja uliopakwa unga wa betri kuukuu.

Unakumbuka ile shida ya salamu? Mwalimu wenu wa kisomo alikuwa kijana wa jirani, kamaliza darasa la saba juzi tu. Akiingia anawaamkia mama zake shikamoo, mnaitikia marahaba, halafu nyote mnasimama, watoto mgongoni, kumwamkia yeye kwa kuwa ni mwalimu, naye anatazama dari. Na kitabu chenyewe kilikuwa cha kilimo bora. Mlipofika kwenye nafasi za kupandia mahindi ukagoma kuendelea, ukauliza huyu aliyeandika analima wapi.

Ule mtihani wa mwisho uliutaka kweli. Baba alikuwa Mufindi, kibarua kwenye mashamba ya chai. Barua zake zikija nakusomea mimi, nimeegemea goti lako, nawe unachochea moto. Ulisema ukipata cheti utamjibu kwa mkono wako, maana kuna mambo ya kumwambia ambayo mtoto hapaswi kuyaandika.

Nyumba yangu ya Ruhuwiko iko kimya, mama. Wajukuu zako wako mbali. Wananipigia Jumapili, wanauliza nimekula nini, basi. Nawajibu kirefu mno, hadi mboga nimeinunua kwa nani. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, muuza dagaa, hakuja darasani siku niliyotangaza tarehe ya mtihani wao. Nikaenda mwenyewe hadi kwake, kwenye tope lote lile. Akashangaa.

"Mwalimu, si ungemtuma mtoto tu?"

 Jibu lake nakupa wewe.

Mtihani wako ulitangazwa kuwa Ijumaa. Jumanne asubuhi yule kijana alinisimamisha mlangoni mwa darasa letu, akaniambia nikuambie umesogezwa, ni kesho yake. Nikaitikia ndiyo. Sikusahau, mama. Jumatano alasiri tulipalilia mahindi mimi na wewe, mstari kwa mstari, nami najua wenzako wako darasani wanaandika.

Ijumaa ukaoga, ukavaa kanga mpya, ukaenda na kalamu yako. Ukakuta mlango umefungwa. Wenzako uliowakuta njiani wakakueleza kwamba mtihani ulifanyika Jumatano, na ujumbe ulipitia kwa watoto. Uliporudi ulinitazama tu, nami nikasema nilikuambia ukiwa unapika.

"Basi ni mimi," ukasema. "Kichwa cha mtu mzima hakishiki."

Uliniamini mimi kuliko kichwa chako. Kisomo hukurudi tena. Nilipohitimu ualimu ukawaambia wageni kwamba akili nimerithi kwa baba, wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, nimechoka kutwanga na kuteka maji wewe ukiwa darasani. Si kweli. Niliogopa zile barua. Ungejua kusoma, usingeniita tena kukaa pale gotini kwako. Basi ukaendelea kuniita, nami nikaendelea kukusomea, hadi baba alipoacha kuandika.

Pumzika kwa amani, mama. Hii nimeiandika kwa herufi kubwa, uisome mwenyewe.

Ni mimi, binti yako.