Radi na Mtungi

12 Januari

Mdogo wangu Mtungi,

Hujambo? Na wenzetu wote hawajambo? Mimi mzima, chakula nakula, usingizi ndio bado haujapazoea hapa. Mwambie Mwalimu wa Mikate kwamba nywele zangu bado zinanuka hamira.

Nimeanza shule ya watu wa kawaida. Darasa moja tumejazana kuliko shule yetu nzima, na asubuhi hakuna kukaa duara mtu akakuuliza umeamkaje. Umeamka vibaya, shauri yako. Juzi mwalimu wa hesabu alininyang'anya kalamu mbele za watu. Nikahisi damu inapanda, nikatafuta kwa macho ule mlango wa chumba cha kutulia cha kule kwetu, chenye magodoro ukutani. Haupo. Nikaikalia mikono yangu mpaka kengele ikalia. Mshauri angeniona angepiga makofi.

Sijamwambia mtu nilikotoka. Nimesema nilikuwa kwa shangazi, kazi yake ya kuhamahama. Usinicheke. Hapa wakijua umesoma "shule ya vichaa" umekwisha, na mimi sijawahi kuwa na shoga aliyenipenda bila kuniogopa kwanza, isipokuwa wewe.

Sasa sikiliza. Mshauri alisema siku utakayotoa sauti, safari ya kuhamishwa inaanza. Miaka miwili umenyamaza, sababu naijua, uliniandikia yote nami nimeyafukia. Lakini ongea, mdogo wangu, hata neno moja, hata tusi. Kwenye dawati langu nimekaa peke yangu, upande wa pili nimeweka mkoba. Mahali hapo ni pako.

Dada yako,
Radi


2 Februari

Dada yangu Radi,

Habari za huko, na mama yako anaendeleaje? Sisi huku wazima, ila Bondia ana jino limelegea, na aliyelilegeza ana jicho jeusi, kwa hiyo wamelingana.

Nimeongea.

Ilikuwa jikoni. Mwalimu wa Mikate ametupa mgongo anawaamua hao wawili, moshi unatoka kwenye tanuri, na aliyeuona ni mimi tu. Nikagonga meza, hakugeuka mtu. Nikasema, "Inaungua." Basi wote wakaganda wananitazama, hata Bondia akaliachia shati la mwenzake, na mikate ikaendelea kuungua kwa raha zake maana hakuna aliyekumbuka kuitoa. Tulikula mkaa siku ile na hakuna aliyelalamika.

Sauti imekuwa nzito, kama ya mtu mwingine. Kigugumizi kipo palepale. Mama alipokuja alinishika mashavu akaniambia nimwite, nikashindwa, akalia. Mshauri akamwambia avute subira, mlango uliofungwa siku nyingi haufunguki kwa teke.

Ninachoogopa unakijua. Wale wa shule yangu ya zamani walinirekodi video nikisoma, nimekwama kwenye herufi moja, wakaisambaza kwenye simu zao mpaka watu nisiowajua wakawa wananiita Redio Mbovu njiani. Jina hilo hata Mshauri halijui, ni wewe tu. Kama vile jambo la vidole vya mama yako, kati ya wanafunzi ninalijua mimi tu. Kila mtu amemshikia mwenzake lake.

Usiuondoe mkoba. Nakuja.

Mdogo wako,
Mtungi


9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua zako zote tatu zimefika, nisamehe, masomo yamenibana. Hongera kwa kuongea, nilifurahi sana.

Huku nako kumechangamka. Kiranja wa darasa letu amenichukua kama ndugu. Ni binti mmoja mcheshi, kwao wana gari, anapenda hadithi za watu kuliko chakula. Ndiye ninayekaa naye siku hizi.

Jambo moja. Barua usizitume shuleni, karani wa ofisi anasoma bahasha kwa sauti. Tuma saluni kwa mama, zitanifikia.

Kazi njema,
Dada yako


15 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Habari za masomo? Mama hajambo? Mimi nikikwambia mzima naona neno lenyewe dogo.

Wamenipitisha. Nilikaa mbele ya Mshauri na watu wawili kutoka ofisi ya elimu, wakaniuliza maswali, nikajibu yote kwa mdomo. Kuna neno moja lilinichukua muda mtu angeweza kuchemsha chai, lakini lilitoka. Wakauliza shule gani. Mama akaitaja yako kabla sijafungua kinywa, kwa sababu nimemwambia kila siku kwamba dada yangu yupo kule. Ndiyo, namwambia. Naongea na mama sasa. Anapika huku ananiuliza maswali ya kipuuzi, bei ya sabuni, rangi ya paka wa jirani, ili anisikie tu.

Mshauri aliniuliza nini kimenifungua. Nikasema, "Nimewekewa nafasi."

Muhula ukifungua tutakuwa pamoja. Kama Kiranja anakaa hapo, si kitu, nitakaa nyuma yenu.

Mdogo wako,
Mtungi


20 Aprili

Mtungi,

Natumaini u mzima. Usije.

Shule zipo nyingi, mwambie mama yako achague nyingine. Nakuomba kwa uzuri. Wewe ukiingia tu wataniuliza tumejuana wapi, na wewe kudanganya hujui, uso wako unasema yote. Mimi hapa nimekuwa mtu. Sijapiga mtu, sijavunja kitu, watu wananialika makwao. Hujui ilivyo kualikwa kwa mtu.

Ninajua nilikuambia nini. Wakati ule nilikuwa mpweke.

Ukija, sikujui. Nasema mapema usije ukasema hukuambiwa.

Radi


11 Juni

Dada Radi,

Salamu. Afya yako siwezi kuisema, sijakuona tangu Jumanne ile.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umenipa kisogo, kwa hiyo acha nikueleze ilivyokuwa upande wangu. Tangu nifike ulinipita kwenye korido kama unapita ukuta. Nikajisemea sawa, ulishaniambia. Nilikaa kwenye kiti changu cha nyuma, sikumwambia mtu nakujua. Mama aliniuliza kila jioni, "Dada yako hajambo?" Nikawa namjibu hajambo.

Jumanne mwalimu wa lugha akaniambia nisome. Nikasimama, nikasoma mistari miwili, nikakwama. Mwalimu akangoja vizuri, sina neno naye. Ndipo Kiranja akasema, wala hakupaza sauti, "Mpigeni kofi la mgongo, hiyo redio mbovu."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikumtazama yeye. Nilitazama kisogo chako, na mabega yako yalikuwa yanatikisika pamoja na yao.

Basi nikasema. Nikawaambia shangazi yako hayupo, umetoka shule ileile niliyotoka mimi. Nikawaambia kwa nini ulipelekwa: ulimbana mama yako vidole kwenye mlango, ukausukuma mara ya pili huku anakulilia, na yeye ni msusi, na anawaambia wateja ni upepo. Nilieleza mpaka alivyopiga kelele, kama ulivyonieleza wewe ulipokuwa unalia kitandani kwangu. Na unajua, dada, sikukwama hata mara moja. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu. Maneno yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba.

Ulikusanya vitabu ukatoka. Nilidhani utanipiga. Nilitaka unipige.

Sasa Kiranja amenihamishia kwenye dawati lake. Wananiuliza zaidi habari zako, nami nawaambia. Naona hata aibu haiji, na hilo ndilo linalonitisha. Nijibu, hata kwa tusi.

Mdogo wako,
Mtungi


4 Agosti

Mtungi,

Hujambo, nimekuona. Mimi pia sijambo.

Sikutaka kukuandikia, lakini baada ya Jumamosi naona bora niseme, halafu basi.

Siku ile sikuwa nacheka. Amini au usiamini. Ila jina lako lile la redio nilimpa Kiranja mimi, mwezi wa tatu, kabla hata hujapitishwa. Alikuwa anataka hadithi na mimi hadithi zangu siwezi kuzisimulia, nikampa yako. Nilisema ni msichana mmoja tu. Uliposimama ukakwama akakutambua mwenyewe.

Mwalimu mkuu alimwita mama. Mbele yangu alimwomba aonyeshe vidole. Mama akavitoa ndani ya kanga, akasema, "Ni mlango, mwalimu, mlango hauna macho." Mwalimu mkuu akasema shule yake si hospitali, akanifukuza. Nikaenda kule kwetu kuomba nirudi. Mshauri alinikumbatia, akaniambia nafasi yangu ina mtoto mwingine na umri umenipita. Nikala mkate, nikaondoka.

Nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu, nani alisema. Nikamjibu simjui.

Sasa nipo saluni. Yeye hawezi tena kusuka, anachana na kupaka dawa, wasusi wa kuajiriwa wanamaliza. Mimi naosha vichwa na kufagia. Wateja wengine wamehama tangu habari ile ienee. Mama yake Kiranja alibaki, anapenda kuvitazama vidole.

Ulijua saluni ni ya nani. Barua zako za mwisho zote zilipitia hapo. Jumamosi ukaja na Kiranja, ukakaa kwenye kiti cha kuoshea, ukalaza shingo. Bomba letu linatoa maji ya kuunguza mtu akikosea kulifungua, na anayelifungua ni mimi. Kichwa chako kilikuwa mkononi mwangu, macho umeyafumba. Nikayaonja maji kwa kiwiko kwanza. Nikakuosha, nikakufuta masikio, nikakufunga taulo. Ukasema, "Asante, dada," kama mtu yeyote anavyomwambia mfanyakazi yeyote.

Mama hajui wewe ndiye Mtungi. Sura yako hakuwahi kuiona. Alikuchana mwenyewe kwa vile vidole, mnaongea, unamchekesha, na ulikwama mara moja tu. Ulipotoka alikutazama mpaka mkakata kona. Akaniambia, "Umeona binti wa watu alivyo na adabu? Rafiki kama yule ungekuwa naye tangu zamani, mwanangu, yasingetukuta haya."

Nikamwambia kweli, mama.

Amesema ukirudi atakupunguzia bei. Nakuomba usirudi.

Radi