Msumari Ndani ya Moteri ya Mtumbwi

Kolwezi, Jumamosi

Mama Kabange,

Fundi Kapenda aliifungua jana mchana moteri mliyonitumia, nikiwa nimesimama pale, na alisema haikufa kwa uzee. Naanza na hilo kwa sababu najua mdogo wangu Numbi amekwambia vingine. Mimi ni mzima; kikohozi cha vumbi kimepungua tangu mvua zianze. Wewe je? Mguu wa mama umepona? Kabange amerudi shuleni? Ninaandika kwa kuwa simu ni ya Numbi, na kila tukiongea anaiweka kwenye sauti kubwa na kukaa katikati yetu kama hakimu.

Kwenye panga la moteri, lile linalozunguka majini, huwekwa pini laini ya shaba. Panga likinasa kwenye mafunjo ya ziwa, pini inakatika na mashine inabaki salama. Unatia nyingine, unaendelea. Numbi nilikuwa nikimtumia pini hizo. Kapenda alichomoa kitu mahali pa pini, akakiinua kwa koleo.

"Tata, angalia. Musumari ya kupigilia mabati! Huyu ndugu yako anajenga nyumba ama anabeba batu mu mutumbwi?"

Vijana wa gereji walicheka. Mimi sikuweza. Msumari haukukatika, kwa hiyo yakakatika meno ya gia.

Nilimpigia Numbi palepale. Hakukana.

"Yaya, kaka yangu, ile pini inavunjika kila saa mu mafunjo. Mi nainama kubadilisha, bamama banaanza kuniimbia: dereva analala, dereva analala! Halafu mutumbwi wa Kasongo unapita na moteri ya nguvu ya farasi makumi ine, banamupigia makofi. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka utie pini."

"Basi nunua kama ya Kasongo. Si uko mu shaba?"

Uko kwenye shaba. Nyumbani wote mnasema hivyo, kana kwamba shaba inayopita mbele ya macho yangu hupita pia mfukoni mwangu. Mimi natunza pampu zinazosukuma tope la Kingamyambo, mabaki ya shaba iliyokwisha kuoshwa. Jioni narudi na tope.

Kapenda anasema gia inaweza kupatikana Lubumbashi, itolewe kwenye moteri nyingine iliyokufa. Tukiitia, yetu ya farasi kumi na tano itamaliza msimu huu wa mvua, labda. Lakini hata ikipona, nani atapanda? Wasafiri wa siku ya soko wamekwisha kuhamia kwa Kasongo, na samaki wako wa kukausha wanafika sokoni Bukama wakati wanunuzi wameshafunga vikapu. Ya arobaini siitaki: ingeng'oa ubao wa nyuma wa mtumbwi wa baba na kuzama nao. Nimechagua ya ishirini na tano, iliyotumika, ambayo Kapenda ameifungua na kuifunga mbele yangu.

Sasa lile usilopenda. Uliniambia, "Lete mwili wako kwanza, moteri tutaona." Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu, na akiba ya kurudi ndiyo inayonunua hii moteri. Nikirudi mikono mitupu, nitakuwa mdomo mwingine kwenye samaki wako. Kwa hiyo nimeomba niongezewe miaka miwili. Mkuu wa zamu alinipokea mbele ya wenzangu: "Eh, muvuvi! Samaki ilikukataa?" Nilijibu ndiyo. Kitanda nilikuwa nimeshamgawia jirani. Nimekwenda kukiomba tena.

Sijui Kabange atakuwa na urefu gani nikimwona. Naandika hivyo mara moja tu, sitarudia.

Mwambie seremala, mjomba wako, aweke ubao mpya wa nyuma, wa mti mgumu, kabla moteri haijafika. Nisalimie mama, mama mkwe, na katekista aliyetufungisha ndoa. Numbi msalimie pia. Ataendelea kuendesha, kwa kuwa ziwa analijua kuliko sote, lakini atakuwa akiendesha moteri yako.

Kwenye hati ya mauzo nimeandikisha jina lako, si langu wala la ukoo. Uliona mume wa dada yako alipozikwa: kabla ya matanga kwisha, ndugu zake walibeba cherehani na baiskeli. Nikifia huku, hakuna atakayekuja kufungua moteri kwenye mtumbwi na kukuachia makasia. Kaka zangu watanung'unika. Wanung'unike.

Jumatatu asubuhi natia saini mkataba. Alhamisi lori la Tata Mwamba linaondoka na moteri, na likikuta barabara kavu litakuwa Bukama Jumamosi. Uende wewe mwenyewe kuipokea, na kadi yako ya uchaguzi mkononi kama kitambulisho. Mwamba nimemwambia asimkabidhi mwingine.

Mumeo,
Tata Kabange